Brashi Isiyoisha Rangi

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni tarehe nne Machi. Mvua ya kwanza imeanza saa tisa alasiri, tukiwa tunatoka darasani. Dada, naahidi kukuandikia kila kitu katika daftari hili, hata yatakayoniaibisha, mpaka mvua zikatike. Kisha nitalifunga kwa gazeti na kulipakia kwenye basi la mjini kwako. Uliniambia katika ujumbe wako, "Niandikie yote, usinichujie." Sitachuja. Mwalimu wa lugha anasema mwandishi wa shajara aeleze kana kwamba msomaji hajui lolote, kwa hiyo utanivumilia nikikueleza hata unayoyajua.

Kwanza swali lako. Siku ya nne baada ya mazishi uliniuliza kwenye simu, "Alisema lolote juu yangu?" Nikakwambia chaji inaisha, nikakata. Chaji haikuwa inaisha.

Jibu ni hili. Baba alilala kitandani siku kumi na moja. Kila jioni aliuliza jambo moja tu: "Ngazi imeingizwa ndani?" Mama akijibu imeingia, anafumba macho. Siku ya kumi na moja hakuuliza. Hakukutaja wewe, hakunitaja mimi, hakumtaja hata Mungu kwa sauti. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tumzike.

Sijalia. Shangazi ananiangalia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Unaujua mguu ukiukalia muda mrefu, unavyokufa ganzi, ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine? Mimi niko hivyo mwili mzima.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hesabu, sayansi, kufagia. Mama hakula.

Jumamosi, 9 Machi

Baba mdogo amekuja leo na skana yake, ile mashine ya kunakili maandishi, imefungwa kwa taulo, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakukaa. Alisimama mbele ya ile orodha ya sokoni aliyoiacha Baba ukutani jikoni. Unakumbuka Baba hakupenda kalamu. Hata sabuni na sukari aliziandika kwa brashi ndogo, kwa ule mwandiko wake wa kulala kidogo, wa kuunganisha, kama mtu anayetembea bila haraka.

"Shemeji," akamwambia Mama, "nataka kumtengenezea kaka fonti."

"Umtengenezee nini?"

"Mwandiko wa kompyuta. Unachukua herufi zake moja moja, unaziingiza kwenye mashine, halafu ukibonyeza A inatoka A yake. Mtu yeyote anaandika kwa mkono wa kaka."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Hata mimi, ambaye mwandiko wangu mwalimu alisema kuku ameingia darasani."

Mama aliendelea kuchambua mchele. Baba mdogo akaongeza kwamba fonti za kuandikia mabango zinazoigiza mkono zinatafutwa sana siku hizi. Watu wamechoka na herufi zilizonyooka kama askari, wanataka kitu chenye uso wa mtu. Ya kaka yake itakuwa nzuri kuliko zote kwa sababu si ya kuigiza.

"Alikuwa hataki kuiona hiyo mashine yako," Mama akasema.

"Alikuwa haitaki, ndiyo. Lakini mabango yake yanafutika, shemeji. Mvua hizi mbili tatu, basi."

Mama akanyanyua ungo, akapepeta, akasema, "Mchukue huyu akusaidie. Ana macho."

Naeleza hapa kwa ajili ya msomaji asiyejua: ni katika duka la baba mdogo la kutoa kopi wewe ulijifunza kompyuta, na kwenye kompyuta hiyohiyo ulitengeneza bango la plastiki la duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa mteja wa Baba wa zamani kuliko wote. Plastiki ilitundikwa juu ya maandishi ya Baba, rangi ikiwa bado nzima chini yake. Baba alisimama barabarani, mbele ya watu, akasema, "Aliyenishikia ngazi ndiye aliyeivuta." Wiki iliyofuata ulipanda basi. Ni miaka mitatu.

Jumamosi, 16 Machi

Tumezunguka mitaa tangu asubuhi, baba mdogo na simu ya kupigia picha, mimi na mwavuli na daftari. Kazi yangu ni kuandika herufi gani imepatikana wapi. K kubwa, kinyozi wa kona. M kubwa, magodoro. g yenye mkia mrefu, garaji. z, fundi viatu. Baba mdogo ananiita Profesa kwa sababu nilimkatalia S ya duka la dawa. Ilikuwa imerudiwa na mtu mwingine, tumbo lake si la Baba.

Tarakimu tumezipata kwa urahisi. Baba aliandika mwaka pembeni mwa kila bango, kwa tarakimu ndogo kama punje za ulezi. Tulikuwa tunachungulia pembe kama watu waliopoteza pete.

Mabango ya juu yote yamefifia. Ya chini bado yanang'aa. Baba mdogo anasema ni jua. Juu linapiga zaidi.

Kila bango nililolitazama nilijua siku lilipoandikwa, Baba alikuja nyumbani ananukia tina, ile ya kuzimulia rangi. Nilijua tu, kama unavyojua jibu la hesabu. Halikuniuma.

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku nzima. Mwalimu amenipa tisa juu ya kumi katika insha. Ameniondolea moja kwa sababu "haina hisia".

Jumamosi, 23 Machi

Herufi zimetimia, tarakimu zimetimia, nukta na mkato vipo. Tumekwama kwenye alama ya kuuliza. Tumepitia picha zote mia moja na kumi na nane, hakuna hata moja.

"Haiwezekani," baba mdogo akasema. "Miaka ishirini na tano ya kuandika!"

"Bango haliulizi, baba mdogo. Bango linasema."

Akanitazama, akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa Profesa, tutauza fonti isiyouliza? Watu wataandikaje 'Una shida ya meno'?"

Akajaribu kukata kichwa cha 2 na kukiwekea nukta chini. Kikawa kama bata aliyevunjika shingo. Basi akanipa karatasi na ile brashi ndogo ya Baba, akasema niandike mimi, nina damu yake. Niliandika arobaini na moja. Ya thelathini na sita ndiyo aliyoichagua. Ameiingiza kwenye mashine.

Kwa hiyo ujue: katika mwandiko wote wa Baba, alama moja ni yangu.

Jumamosi, 30 Machi

Fonti imekamilika. Baba mdogo ameipa jina Mkono wa Kaka. Alinikalisha kwenye kiti chake cha kuzunguka, akaniambia niandike neno la kwanza. Sikujua niandike nini. Nikaandika "sukari", kwa sababu ndilo neno nililolizoea kwa mwandiko ule. Likatokea kwenye kioo, jeusi, limelala kidogo. Baba mdogo akageukia kabati, akajifanya anatafuta karatasi kwa muda mrefu.

Mimi nilitazama kama lina makosa. Halikuwa na makosa.

Alhamisi, 4 Aprili

Kinyozi amebandika bei mpya. Mkono wa Kaka.

Ijumaa, 5 Aprili

Kwenye ukuta wa nyuma ya soko: "Usikojoe Hapa." Mkono wa Kaka, herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. Baba alikataa kazi hiyohiyo mara mbili. Alisema brashi yake haitumwi chooni. Mtu alikuwa amesimama palepale anakojoa. Nimepita.

Jumanne, 9 Aprili

Mifuko ya mkate. Kadi za harusi. Tangazo la shule kuhusu nywele za wasichana. Stika ya kioo cha nyuma cha teksi: "Acheni Wivu." Baba hakuwahi kumwambia mtu aache wivu.

Rafiki yangu wa dawati moja ameniuliza, "Huoni raha? Baba yako yuko kila mahali."

Nikamwambia naona.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo Mama ametumiwa tangazo la msiba wa jirani wa mtaa wa tatu, karatasi iliyotolewa dukani kwa baba mdogo. "Kwa masikitiko makubwa." Mkono wa Kaka. Alilishika kwa mbali, kama mtu asiyeona vizuri, kisha akaliweka chini ya sufuria. Baadaye nilimkuta anakunja mifuko ya mkate mitupu. Anaikunja mara nne, anaipanga kwenye sanduku la nguo, chini kabisa. Kumbe ameanza kuiweka tangu Jumanne. Imefika sita.

"Mama, baba mdogo anaweza kukutolea karatasi safi. Andiko lolote utakalo."

"Anitolee inasema nini?"

Nikamsogezea mfuko uliobaki.

"Hii angalau ni ya mkate," akasema. "Haijidai."

Halafu bila kuniangalia akaniuliza kama nina habari zako. Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Nikasema uliuliza kama Baba alisema lolote. Mikono yake ikasimama.

"Ukamwambiaje?"

"Sijamwambia."

"Asiposikia kitu hatarudi," Mama akasema. "Namjua. Ni kichwa cha baba yake kile kimewekewa nywele ndefu." Akafunga sanduku, akalikalia.

Alhamisi, 18 Aprili

Dada, hapa ndipo ahadi yangu inaponibana. Nimekaa na kalamu tangu saa mbili usiku. Naandika.

Baada ya shule nilipita dukani. Baba mdogo alikuwa ametoka kununua wino, ameniachia niwaambie wateja wasubiri. Hapakuwa na mteja, mvua ilikuwa imewafungia majumbani. Nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka nikaandika mistari mitatu kwa Mkono wa Kaka. Nikaitoa kwenye printa. Nikaifuta kwenye mashine. Nyumbani Mama alikuwa kwa shangazi. Nilibandika karatasi ile kwenye kioo cha dirisha la chumbani kwetu, nikaweka juu yake karatasi ya manjano kutoka kwenye boksi la Baba, moja ya zile alizokuwa anafungia brashi, nikangoja wingu lipite mwanga uingie. Kisha nikafuatisha kila herufi kwa brashi yake ndogo na wino wake mweusi. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nangoja utetemeke.

Iliandikwa hivi:

Mwanangu,
Yaliyopita yamepita. Nyumba ni yako.
Utarudi lini?

Ilipokauka niliikunja mara nne na kuiweka chini kabisa ya boksi, pamoja na brashi tatu ulizokuwa unampa ukiwa chini ya ngazi, zile za mpini mwekundu. Mama aliporudi nilimwambia nataka kukutumia brashi hizo. Akasema sawa. Sikumwonyesha karatasi. Kwako nimeandika kijikaratasi kwa kalamu: "Nimekuta hii kwenye boksi lake."

Sijui kwa nini nimefanya. Nasema sijui lakini najua. Nilitaka urudi, na nilikuwa na mkono wake mezani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimepeleka boksi stendi. Kondakta akauliza, "Kitu cha kuvunjika?" Nikasema hapana.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Mtaro umejaa. Nilikula.

Jumamosi, 27 Aprili

Ujumbe wako umeingia saa nne asubuhi. "Nimeipata. Asante. Mvua zikikatika nakuja."

Nilimsomea Mama. Alitoka nje akasimama kwenye mvua bila mwavuli, kisha akarudi na kufagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiliwa. Jioni alikuwa anaimba. Kidogo, kwa pua, lakini anaimba.

Jumapili, 28 Aprili

Nimefanya kosa lingine: nimetazama.

Nilichukua ile orodha ya jikoni nikaiweka kando ya karatasi niliyoifuatisha, ile ya printa, ambayo sikuichoma kwa sababu ilikuwa imelowa. Katika orodha Baba ameandika sabuni, mkaa, tina, sukari. Kila neno linaanza nene na kuisha limekauka, nyuzi za brashi zinaonekana kama mkia wa farasi. Alichovya mara moja kwa kila neno. Kila a ni tofauti: a ya "sabuni" imeshiba, a ya "tina" ina kiu. Katika barua yangu a zote ni pacha. Zote zimeshiba mahali pamoja na kukauka mahali pamoja. Ile ni brashi isiyoisha rangi. Hakuna mtu mwenye brashi ya namna hiyo.

Na wewe, dada, ulisimama chini yake miaka saba umeshika mkebe. Ulikuwa unaunyanyua kabla hajateremsha mkono, kwa sababu ulijua rangi inaishia herufi gani. Na sasa unafanya kazi kwenye kiwanda cha mabango, fonti ndiyo kazi yako kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na alama ya kuuliza ni yangu, ya thelathini na sita.

Nilitaka kuchana ukurasa wa tarehe kumi na nane. Nikakumbuka daftari hili limebanwa katikati kwa pini. Ukichana ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili nao unaachia, na sijui kwenye huo nitaandika nini. Nimeuacha.

Jumatatu, 6 Mei

Mama amepaka chokaa chumba chako. Ametoa vitu vya kushonea, amefua pazia. Mvua zimepungua, zinakuja alasiri tu, saa moja, zinaondoka kama mgeni mwenye adabu. Kila zikipungua natamani zirudi. Nadhani hiki ni kitu. Mwalimu angeniongezea nusu.

Jumamosi, 11 Mei

Mama amenituma kwenye duka la magodoro, kwa sababu lako la zamani limeliwa na panya. Unamkumbuka mzee wa magodoro: ndiye aliyetuambia zamani kuwa godoro lake moja lililaliwa na tembo likarudi kama lilivyokuwa. Kwa hiyo utapima mwenyewe.

"Wewe si binti wa Mzee Brashi?"

"Ndimi. Mdogo."

"Na yule mkubwa, mshika ngazi?"

"Anakuja. Godoro ni lake."

"Ehe! Basi achukue hili, hili hata akiwa na hasira litamlaza." Akalipiga kofi. "Baba yako alinitia aibu, unajua? Tazama ukuta wangu ule wa juu. Mtupu! Mwaka juzi nilimwomba aniandikie pale, mtu aone kutoka stendi. Akaniandikia huku mlangoni, chini, kama tangazo la kupotea kwa paka."

"Alisema watu siku hizi wanatembea wanatazama simu, bango la juu nani atalisoma." Nyumbani alikuwa anasema hivyo na sote tunacheka.

"Kwenu alisema hivyo? Mimi nilimwambia, mzee, umeanza lini kuogopa? Nitakupa vibarua wawili wenye mikono kama nguzo wakushikie ngazi. Akasema, 'Mshika ngazi wangu kasafiri.' Nikamuuliza, anarudi lini? Akachovya brashi, akaendelea na kazi. Hakunijibu mpaka leo." Nadhani hapo alikumbuka kwamba hatajibiwa tena. Akaita mtu anifungie godoro kwa kamba.

Nimerudi nalo kichwani, mvua ikaninyeshea nusu ya njia. Godoro lina mfuko wa plastiki, halikulowa.

Jumapili, 12 Mei

Mzee wa magodoro anaongeza chumvi. Kuta haziongezi. Leo nimechukua orodha yangu ya tarehe kumi na sita Machi, yenye kila bango na mwaka wake, na nimezunguka tena peke yangu na futi ya Mama ya kushonea.

Mabango hamsini na mawili ni ya kabla hujaondoka. Thelathini na moja yako juu ya milango, mengine juu ya paa la kibaraza, moja kwenye ukuta wa ghorofa la garaji ambako hata njiwa hawafiki. Mabango ishirini na tisa ni ya miaka mitatu ya mwisho. Nimeyapima yote. Hakuna hata moja lililo juu kuliko mahali mtu anapofika akisimama juu ya kreti la soda. Hata moja, dada.

Mabango ya juu yamefifia kwa sababu ni ya zamani. Si jua. Hakupanda tena.

Mara mbili nilimwomba nimshikie. Aliniambia, "Wewe soma." Nilidhani ananitunza.

Na ngazi ilikaa uani miaka mitatu, haina kazi, na kila mvua ikitaka kuanza aliiingiza ndani, akaipangusa kwa kitambaa cha mafuta. Mpaka akiwa kitandani aliuliza kama imeingia.

Nilipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi niliinua ncha ya bango lako la plastiki kwa mti. Maandishi yake yako chini, mekundu, mapya kabisa. Plastiki imeyakinga. Ndiyo maandishi ya juu pekee katika mitaa hii ambayo hayajafifia. Nilisimama pale na mti mkononi, na kitu kikanishuka puani na kwenye kidevu, nikadhani mvua, nikatazama juu, hakukuwa na mvua.

Jumatano, 15 Mei

Leo haikunyesha.

Ijumaa, 17 Mei

Haikunyesha tena. Nimemwambia Mama. Nilimwambia yote, fonti, kioo cha dirisha, brashi, kijikaratasi cha uongo. Alikuwa anatandika kitanda chako. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachomeka shuka pembeni, pembe zote nne.

"Na hakumtaja?" akauliza.

"Alitaja ngazi."

Akakaa kitandani.

"Sasa akijua asipokuja?" nikamuuliza.

"Mwambie kabla hajafunga mzigo. Mtu asisafiri kwa barua ya mtu mwingine." Kisha akalainisha shuka kwa kiganja. "Na mwambie godoro limeshanunuliwa. Halirudishwi dukani."

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya nne kavu. Mtaro umenywea, unanuka. Basi linaondoka saa sita, daftari hili litakuwa ndani yake, limefungwa kwa gazeti.

Nimetimiza ahadi. Ile barua si yake. Niliiandika mimi, na kila neno ndani yake ni langu. Cha kwake ni hiki, nakipa bila kukiongeza: mabango ishirini na tisa ya chini, neno moja alilomwambia muuza magodoro, na swali moja la kila jioni. Sijui kama hilo ni kusema lolote juu yako. Wewe uliyeshika ngazi utajua kuliko mimi.

Jana niliitoa ngazi nje uani nikaipangusa. Ni nzito kuliko nilivyofikiri. Baba mdogo amesema ukuta wa juu wa magodoro bado mtupu, na kwamba hawezi kuuwekea plastiki, moyo unamkatalia. Ninaweza kuandika, dada, kidogo. Nimejaribu kwenye mbao, kwa kuchovya kila neno. A zangu zinaanza kutofautiana. Lakini sijawahi kupanda.

Jambo moja tu linanisumbua na ninaomba unijibu kwa basi hilohilo likirudi jioni hii hii, kondakta ameahidi kusubiri karatasi yako. Ulipopata ile barua uliandika, "Nimeipata. Asante." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi mpaka skrini imechoka. Mtu aliyekufa hashukuriwi kwa simu ya mdogo wako. Sentensi ya mwisho nimeiandika kwa brashi ndogo, na alama yake unaijua.

Ile asante ulimpa nani, Baba au mimi?